Bukavu: Historia ya Mji Uliobanwa

Msongamano wa Bukavu huelezwa mara nyingi kuwa kazi ya maumbile, kwa kuwa mji huo, ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, umebanwa na Ziwa Kivu, mto Ruzizi ulio mpakani na Rwanda, na milima yenye miteremko mikali. Lakini viwanja vyake viligawanywa na watu. Utawala wa Wabelgiji, ulioupa mji jina la Costermansville kwa heshima ya afisa Paul Costermans, jina lililodumu hadi mwaka 1954, uliwatengea Wazungu rasi, yaani ndimi za ardhi ziingiazo ziwani, kama vile Muhumba na La Botte, ambako nyumba moja ilipata bustani pana kushuka hadi ufukweni. Wafanyakazi Waafrika walipelekwa Kadutu, mlimani, na baadaye Bagira, na kama ilivyokuwa katika miji yote ya Kongo ya Kibelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana usiku katika mitaa ya Wazungu bila kibali, wala kuhamia mjini bila hati ya ruhusa.

Uhuru wa mwaka 1960 uliondoa vizuizi hivyo, ila ramani ilibaki ileile. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na mwananchi akabaki na haki ya kuitumia tu. Hata hivyo parseli, yaani kiwanja kilichopimwa, ziliendelea kukatwa vipande, hasa vita vya tangu mwaka 1996 vilipowasukuma wanavijiji kukimbilia mjini. Katika kartiye, yaani mtaa, ya Nyamugo, huko Kadutu, nyumba za mbao zimeegemeana kiasi kwamba maji ya paa moja humwagikia ukuta wa jirani, na moto ukizuka huruka kutoka ubao hadi ubao huku gari la zimamoto likikosa njia ya kupita. Dhuluma ya mpango wa zamani inaonekana hapo waziwazi kuliko katika hati yoyote.

Mteremko wa Funu nao, wenye udongo mzito wa mfinyanzi, huteleza polepole chini ya uzito wa nyumba na maji ya mvua yasiyo na mifereji. Kuta hupasuka, na wenyewe huzijenga upya palepale, kwa sababu parseli ya mahali tambarare imewapita bei.