Barakoa na Hesabu: Tuliyoyaona Miaka ya Korona

Leo tunaingia kwenye historia kidogo, maana kuna mambo ya juzi tu ambayo watoto wetu washaanza kuyasahau.

Neno barakoa halikuja na korona. Mabibi wa majumba ya Unguja, zama za Masayyid, walivaa barakoa usoni, na Sayyida Salme ameieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886. Hilo lilikuwa vazi la heshima. Barakoa ya maradhi ina asili nyengine.

Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu iliingia Manchuria, kaskazini mwa China. Akatumwa daktari kijana, Wu Lien-teh, mtoto wa kisiwani kama sisi, mzaliwa wa Penang. Alisema maradhi haya yanapita kwa pumzi, akataka watu wazibe pua na mdomo kwa shashi na pamba. Daktari wa Kifaransa, Gérald Mesny, hakukubali. Aliingia kwa wagonjwa uso wazi, na baada ya siku chache akafa. Hapo watu wakasikia.

Lakini Wu hakutegemea kitambaa peke yake. Aligawa mji sehemu nne, wakaguzi wakapita nyumba kwa nyumba, wagonjwa na maiti wakahesabiwa. Tarehe 1 Machi 1911 Harbin ikapata mgonjwa wake wa mwisho. Watu kama 60,000 walikuwa washakufa katika eneo zima.

Sasa turudi kwetu. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku chache baadaye Zanzibar nayo ikapata wake. Skuli zikafungwa, watalii wakaondoka. Sisi mafundi tulitoa mabaki ya kitenge tukashona barakoa. Tulijifunza kazini kuwa mshono wa katikati ya pua unaacha matundu, na lastiki ikilegea barakoa haina faida. Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani likashauri tabaka tatu za kitambaa.

Kila ikitoka khabari ya idadi, watu walivaa. Kisha mwezi wa Mei hesabu ya taifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, haikutangazwa tena kwa muda mrefu. Maradhi hayakuondoka, kilichoondoka ni khabari. Barakoa nazo zikavuliwa moja moja, mpaka anayevaa akawa ndiye anayetazamwa.

Januari 2021 chama chake kikatangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Tarehe 17 Februari akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ugonjwa uliokuwa ukinong'onwa ukawa na jina la mtu tunayemjua. Aliposhika nchi Mama Samia mwezi wa Machi, aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa mbele ya watu.

Shoga zetu, Mtume s.a.w. ametufundisha tusiingie kwenye mji wenye tauni, na tusitoke kama tumo ndani yake. Fundisho hili mtu atalifuata vipi kama hajui tauni iko wapi? Kwa hivyo hesabu ya wagonjwa si kutiana khofu, wala si kukosa tawakkul. Ndiyo inayomwambia mama kama amtoe mtoto au amzuie, na kama bibi apelekewe wageni au apigiwe simu.

Basi tuwahadithie watoto. Tuandike nani aliugua, mwezi gani, nani tulimzika. Na kwenye kabati tuweke barakoa mbili tatu safi, za tabaka tatu. Kipindupindu tumekijua, korona tumeiona, na linalokuja analijua Allah. Akija mtu na mafua mazito nyumbani penye mzee, kuziba uso ni adabu, haina haja ya kungoja tangazo.

Allah atuhifadhi na awarehemu waliotutangulia. Amin.