Rangi kama Ushahidi: Historia ya Kukadiria Madaraja ya Dola za Fedha za Marekani Zenye Utando

Dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, kwa jina la mchongaji wake George T. Morgan, ilipigwa kuanzia mwaka 1878 hadi 1904, kisha tena mwaka 1921. Ina uzito wa gramu 26.73, asilimia 90 yake ni fedha na sehemu iliyobaki ni shaba. Dola nyingi kati ya hizo hazikupata kupita mikononi mwa watu. Serikali ilizipiga kwa kuwa sheria iliilazimisha kununua fedha ya migodini, wakati wananchi wengi walipendelea noti zilizo nyepesi mfukoni. Hivyo zilifungwa elfu moja moja katika mifuko ya kitambaa kizito na kulazwa katika ghala za Hazina. Kwa Sheria ya Pittman ya mwaka 1918, dola zaidi ya milioni 270 za fedha ziliyeyushwa. Zilizosalimika ziliendelea kulala gizani, baadhi yake hadi miaka ya 1960.

Utando unaojadiliwa katika insha hii ulianzia humo mifukoni. Fedha ikikutana na salfa iliyomo hewani, katika kitambaa au katika karatasi, huota juu yake tabaka jembamba mno la salfaidi ya fedha. Tabaka hilo halina rangi nyingi zake lenyewe. Mwanga unaoakisiwa na uso wake wa juu huingiliana na ule unaoakisiwa na madini yaliyo chini, na macho huona rangi kwa kadiri ya unene wa utando: kwanza manjano ya dhahabu, halafu wekundu unaokaribia zambarau, kisha samawati, na mzunguko kama huo hurudia hadi utando unapokuwa mzito na mweusi. Sarafu iliyogusana na kitambaa hupata rangi nyingi kuliko ile iliyokuwa katikati ya mfuko. Iliyofunikwa nusu na mwenzake hutoka na mwezi mchanga wa rangi, na pengine alama za nyuzi za mfuko hubaki usoni pake.

Hoja ya insha hii ni kwamba daraja la sarafu ya namna hiyo, ingawa huandikwa kwa tarakimu kana kwamba limepimwa kwa mizani, kwa hakika ni hukumu ya kihistoria. Mkadiriaji anaamua sarafu ilikuwa wapi na ilitendwa nini.

Kipimo chenyewe kilitokana na bei. Mwaka 1949 William H. Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani, akapendekeza mizani ya 1 hadi 70. Sarafu iliyochakaa kiasi cha kutambulika kwa shida ilipewa 1, na isiyo na dosari ikapewa 70, kwa kuwa aliona ya pili ina thamani mara sabini ya ya kwanza. Uwiano huo wa bei haukudumu, lakini tarakimu zilidumu. Chama cha wanasarafu wa Marekani kilizitumia katika viwango vyake vya mwaka 1977, nazo kampuni za PCGS, iliyoanzishwa mwaka 1986, na NGC, ya mwaka 1987, zikazifunga pamoja na sarafu ndani ya vibweta vya plastiki. (Sheldon mwenyewe, kama ilivyokuja kuthibitika baada ya kifo chake, alikuwa amebadilisha senti nzuri za mkusanyo wa chama kimoja cha New York kwa senti zake duni. Aliyetufundisha kupanga hali za sarafu alijua vizuri tofauti hiyo ina faida gani.)

Ikumbukwe kwamba sarafu ilipokuwa bado fedha ya matumizi, rangi haikuwa na thamani yoyote. Reale ya Maria Theresa, ambayo ilidumu na mwaka wake wa 1780 hata ilipopigwa katika karne zilizofuata, ilitumika Uhabeshi, Arabuni na hata mwambao wetu. Wapokeaji waliichunguza kwa makini, wakitazama hata lulu za bizimu iliyo begani mwa malkia. Walitafuta uhalali na uzito. Weusi kwao ulikuwa uchafu.

Wakusanyaji wa Marekani nao kwa muda mrefu waliona hivyo. Kwa miaka mingi soko lilitaka dola nyeupe, na wauzaji walizichovya katika dawa ya asidi iliyoondoa utando kwa nukta chache. Hapa ndipo hasara ilipo. Utando umetengenezwa kwa fedha ya sarafu yenyewe. Ukiondolewa, sehemu ya uso huondoka nao. Mistari myembamba iliyoachwa na madini yalipotiririka chini ya mashine, ambayo ndiyo huupa uso mng'aro unaozunguka kama miali ya gurudumu, hufifia kila mchovyo. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Soko lilipogeuka na kuanza kulipa ziada kwa rangi, walitokea watu wa kuzitengeneza kwa moto na kemikali. Kwa hiyo mkadiriaji huiinamisha sarafu chini ya taa na kuuliza: je, mng'aro unazunguka chini ya rangi? Je, rangi zinafuatana kwa utaratibu wa unene, au samawati imeruka manjano? Je, rangi imejikusanya ndani ya mikwaruzo, ishara kwamba mikwaruzo ilitangulia? Hutazama pia nywele zilizo juu ya sikio la Uhuru na kifua cha tai, maana uchakavu huanzia hapo na utando huweza kuuficha. Asiporidhika, kampuni huifunga sarafu bila tarakimu, ikitaja tu kwamba rangi yake inatiliwa shaka.

Naona utaratibu huo una udhaifu usiozungumzwa vya kutosha. Machi 1964 Hazina ilisimamisha kutoa dola hizo kwa umma, ikabakiwa na takriban milioni 3, ambazo ziliuzwa kwa awamu kati ya 1972 na 1980. Mifuko imekwisha. Walioshuhudia mfuko ukifunguliwa walikuwa na kigezo nje ya soko: waliiona rangi ikitoka ghalani. Wakadiriaji wa leo hujifunza kwa kutazama sarafu zilizokwisha kufungwa katika vibweta, yaani kwa hukumu za waliowatangulia. Ghushi iliyopita salama mwaka 1990 leo ni mfano wa kufundishia.