Dakika Moja Kutoka Dar es Salaam Hadi Malindi

Chukua jina hili: NSS.GHRR.NJ.D95056.S1116.E1303.B0080506.GC. Ukilikuta kwenye diski ya zamani utadhani ni takataka za kompyuta. Kumbe ni sentensi kamili, mradi ujue sarufi yake. NSS ni kituo cha Suitland, Maryland, kilichochakata data. NJ ni setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, NOAA-14. D95056 ni siku ya 56 ya mwaka 1995, yaani tarehe 25 Februari. S1116 na E1303 ni muda wa kuanza na wa kumaliza kurekodi, kwa saa za ulimwengu, UTC. Zinafuata namba za mizunguko, wa 805 na wa 806 tangu setilaiti irushwe, na mwishoni GC: Gilmore Creek, Alaska, ambako antena zilinasa mawimbi.

Herufi J ina kisa chake. Setilaiti za ukoo huu zilipewa herufi zikiwa bado kiwandani, na namba zilipofika salama angani. Ndiyo maana NOAA-D ilikuja kuwa NOAA-12 mwaka 1991, baada ya NOAA-H iliyokuwa imeshakuwa NOAA-11 tangu 1988: D ilikuwa imewekwa akiba. Anayepanga mafaili kwa alfabeti anapanga historia kombo. Na ya mwisho kabisa, iliyoitwa N Prime na kuandikwa NP kwenye mafaili, iliangushwa sakafuni huko Sunnyvale, California, tarehe 6 Septemba 2003. Kikosi kingine kilikuwa kimeondoa bolti 24 kwenye toroli lake bila kuandika popote, na waliofuata hawakukagua. Ilikarabatiwa, ikarushwa Februari 2009 kama NOAA-19.

Kwa nini jina libebe saa kwa umakini wote huo? Kwa sababu picha ya setilaiti ya namna hii haipigwi kwa mkupuo kama picha ya simu. Kioo kinazunguka na kuifagia dunia mstari baada ya mstari, huku setilaiti ikienda kutoka ncha hadi ncha na kuizunguka dunia kila baada ya dakika 102 hivi. Mstari wenyewe hauna latitudo wala longitudo. Kinachojulikana ni njia ya setilaiti na saa ya kila mstari. Kutoka hapo mahali panakokotolewa. Kivuli cha setilaiti juu ya ardhi hukimbia kilomita sita na nusu hivi kwa sekunde. Ukikosea sekunde moja, wingu limehama mtaa. Ukikosea dakika moja, ni karibu kilomita 400, na ufuko wa Dar es Salaam unachorwa Malindi.

Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa ya mikono. TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960 na kutuma picha zake kwa vituo vichache vya Marekani. Mageuzi yalikuja Desemba 1963, TIROS-8 ilipobeba mtambo wa kutangaza picha moja kwa moja, uliofahamika kwa herufi APT. Tangu hapo yeyote mwenye redio, antena na mashine ya faksi aliweza kupokea mawingu ya kwao, bila kuomba ruhusa wala kulipa ada. Mpokeaji aliandika saa, akasoma taarifa za obiti zilizosambazwa kwa simu za maandishi, kisha akaweka juu ya picha karatasi angavu yenye gridi. Saa ilikuwa kwenye daftari lake. Ikikosewa, alijua nani kakosea.

Kompyuta ilipoingia, daftari likatoweka. Wapenzi wa redio wa miaka ya 2000 wengi wao walitumia programu iitwayo WXtoImg. Unarekodi mlio wa setilaiti kama faili la sauti, programu inaugeuza kuwa picha na kuchora juu yake mipaka ya nchi. Lakini itajuaje saa? Inaangalia muda wa faili, ule unaoonyeshwa na kompyuta kama muda wa kubadilishwa mara ya mwisho, na kuuchukulia kuwa ndio mwisho wa kurekodi. Wazo zuri, siku hiyohiyo na kwenye kompyuta hiyohiyo. Tatizo ni kwamba muda huo haumo ndani ya faili. Umeandikwa na diski, pembeni, kama tarehe iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya picha ya harusi. Ukipakua faili kutoka kwenye intaneti, linaweza kupewa saa ya kupakuliwa. Ukilikata kipande cha mwanzo chenye mikwaruzo, linapata saa ya kukatwa. Ukilipitisha kwenye flashi yenye mfumo wa zamani wa FAT, saa inahifadhiwa kwa majira ya kompyuta iliyoandika, bila kutaja ni majira ya wapi, tena kwa hatua za sekunde mbilimbili. Sekunde mbili ni kilomita 13.

Hapo ndipo zilipotokea zile picha za ajabu: mawingu safi, Ziwa Victoria linaonekana vizuri, na mpaka wa Kenya umepita katikati ya maji ya Bahari ya Hindi. Programu haikuharibika. Ilifanya hesabu sahihi kwa saa isiyo sahihi. Kosa la saa tatu nzima, ambalo ndilo kosa la kwetu la kawaida kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, lilikuwa afadhali: kwa muda huo setilaiti inakuwa imezunguka mara moja na robo tatu, haipo kabisa juu ya upeo wa macho, na mtu anashtuka mapema. Hatari ni makosa madogo. Saa ya kompyuta iliyochelewa sekunde 20 inatoa ramani ambayo jicho linaikubali.

Sisi tuna ugumu wa ziada ambao mafundi wa programu hawakuuwazia. Asubuhi moja ina namba tatu. Mwambie shangazi yako ni saa tatu. Simu yake inaonyesha 9:00. Faili la setilaiti linasema 0600. Zote ni kweli. Kwenye vituo vya hali ya hewa vya Kenya na Tanzania, kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi na kuandikwa 0600. Maji yaliyomo humo yalinyesha zaidi jana mchana na usiku kuliko leo. Anayekuja baadaye kulinganisha mvua hiyo na makadirio ya setilaiti, ambayo mara nyingi huhesabu siku kuanzia saa sita usiku wa UTC, akisoma tarehe tu, atakuta setilaiti imeona mvua siku moja na kopo limeiona siku ya pili. Atailaumu setilaiti, au atamlaumu mpimaji. Wote wawili hawana kosa.

Na hata hizo saa tatu za tofauti hazikuwepo daima. Hifadhidata ya kanda za saa iliyomo kwenye simu yako inakumbuka kwamba Nairobi iliwahi kuwa mbele kwa saa mbili na nusu, ikapanda hadi tatu mwaka 1928, ikarudi mbili na nusu mwaka 1930, ikawa mbili na dakika 45 kuanzia 1937, na kutulia kwenye tatu mwaka 1942. Humo Dar es Salaam na Kampala leo ni majina tu yanayoelekeza Nairobi.

Setilaiti zinazotulia juu ya ikweta hazikuleta nafuu kubwa. Meteosat za Ulaya za kizazi cha pili hutoa picha kila dakika 15, na kufagia kwenyewe, kutoka kusini kwenda kaskazini, huchukua dakika 12 hivi. Sasa faili liitwe saa ngapi? Muundo mmoja wa data huandika saa ya kuanza kwa zamu. Mwingine huandika muda wa kumaliza. Picha ileile ina majina mawili yanayoachana kwa zaidi ya dakika kumi, na Afrika Mashariki imepigwa katikati yake. Kwa wingu la radi linaloumuka juu ya ziwa lenye mitumbwi, dakika kumi si jambo la karani.

Kimbunga Hidaya kilipoukaribia Mafia mapema Mei 2024, picha za setilaiti zilifika kwa wengi wetu kupitia WhatsApp. Huko faili hupokonywa jina lake na kuitwa kitu kama IMG-20240504-WA0012. Tarehe hiyo ni ya kupita mikononi mwa WhatsApp, setilaiti haihusiki. Ukitumiwa leo picha ya kimbunga cha mwaka juzi, simu inaipa tarehe ya leo kwa moyo mweupe. Mvuvi anayeamua kama ashushe ngalawa anaangalia duara jeupe lisilo na saa.

NOAA-18 ilizimwa Juni 2025. NOAA-19 na NOAA-15 zikafuata Agosti. Mlio wa APT uliosikika tangu 1963 haupo tena kwenye setilaiti hizo. Zimebaki rekodi kwenye diski za watu, nyingine zikiwa na saa sahihi, nyingine zikiitwa test2 au mpya_mwisho. Zenye sehemu ya pwani isiyofunikwa na mawingu zinaokoleka: unasogeza ramani hadi ufuko ukae juu ya ufuko, kisha unasoma saa iliyopotea.

Wanaotaka kuendelea wamegeukia Meteor-M za Urusi, ambazo hutuma saa ndani ya mawimbi yenyewe. Ila ni saa ya Moscow, UTC kujumlisha tatu, ileile iliyo ukutani Mombasa na Bagamoyo. Programu hupunguza saa tatu ili kupata UTC, na mpokeaji wa hapa huziongeza tena kichwani. Tarehe haimo kwenye mawimbi hayo. Inachukuliwa kutoka kwenye faili.