Reli ya Tanga na Mazao Yetu

Halmashauri ya Chama Kikuu chetu iliponitaka niandike habari moja ya kale kwa ajili ya kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi, nilidhani ingekuwa habari ya kahawa au ya waanzilishi wetu. Nikaambiwa hizo wamekwisha kupewa wengine. Mimi niandike habari za reli. Nilicheka kidogo, maana wanachama wetu wengi walio vijana wameijua reli kama njia ya kupitishia mbuzi. Lakini nilipoketi na kufikiri niliona ya kuwa Halmashauri haikukosea. Hakuna jambo lililopunguza bei aliyoipata mkulima wa ukanda huu kwa muda mrefu, na kwa ukimya mkubwa, kuliko kudhoofika kwa njia ile.

Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka wa 1893, zamani za Wadachi, nayo ilikuwa reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kampuni iliyopewa kazi haikuwa na fedha za kutosha. Ilifika Muheza mwaka wa 1896, mwendo wa kilomita 40 tu, kisha ikakwama, na mwaka wa 1899 Serikali ya Kijerumani ikalazimika kuitwaa njia. Korogwe ilifikiwa mwaka wa 1902, Mombo mwaka wa 1905, na Moshi mwaka wa 1911. Ni kilomita 350 hivi kwa miaka 18. Basi msomaji ajue tangu mwanzo ya kuwa upungufu wa fedha si ugonjwa mpya katika njia hii, ilizaliwa nao.

Iliwekwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi, wala si kwa ajili ya babu zetu, ambao wengi wao waliijua kwanza kwa kubeba mawe na kufyeka pori. Pembeni yake vilichipuka vijitawi. Kimoja kilitoka Tengeni, karibu na Muheza, kikapanda mpaka Sigi chini ya milima ya Usambara ya Mashariki kuchukua mbao. Reli yake ilikuwa nyembamba kuliko ya njia kuu, na leo haipo. Vita vilipozuka mwaka wa 1914 njia ya Tanga ilichukua askari badala ya mkonge: Novemba ya mwaka ule majeshi ya Kijerumani yalishushwa kwa gari moshi kutoka Moshi, yakawawahi Waingereza waliokuwa wameshuka pwani ya Tanga. Waingereza nao wakajenga reli ya vita kutoka Voi, ikapita Maktau na Taveta, na mwaka wa 1916 ikaungana na njia yetu pale Kahe. Tawi hilo lililojengwa kwa haraka ya vita likaja kuwa mlango wa kahawa ya Kilimanjaro kwenda Mombasa, na wafanya biashara wa Tanga walinung'unika kwa miaka mingi. Mwisho, mwaka wa 1929, reli ilifika Arusha.

Ushirika wa Kaskazini ulikua kando ya reli hiyo. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka wa 1925, na kutokana nacho ikatoka KNCU mwaka wa 1933. Kahawa ilishuka mlimani kwa vichwa vya akina mama na kwa migongo ya punda, ikafika chama cha msingi, ikapimwa, ikapelekwa mjini, ikaingia behewani. Yako mambo mengi katika mnyororo huo ambayo mkulima aliyagombania: mizani, daraja za kahawa, makato, malipo ya pili. Habari ya behewa haikuwa na ugomvi mkubwa. Behewa lilikuja.

Mwaka wa 1948 reli za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliwekwa chini ya shirika moja. Mwaka wa 1963, baada ya Uhuru, njia mpya ilifunguliwa kutoka Ruvu, katika Reli ya Kati, mpaka Mnyusi, karibu na Korogwe; kwa mara ya kwanza gunia liliweza kutoka Moshi likafika Dar es Salaam bila kupita baharini wala barabarani. Twaweza kusema kwamba siku hiyo njia ya Tanga ilipata ndugu. Lakini pia siku hiyo ilianza kuwa tawi, na tawi, wakati wa njaa, hulishwa baada ya shina.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui, yaani jinsi reli inavyoharibika. Watu hudhani reli ni chuma, na chuma hakifi. Lakini chuma kile hulala juu ya mataruma, na mataruma hulala juu ya kokoto, na kazi ya kokoto ni kushika mataruma yasitembee na kupitisha maji yasisimame. Zamani kila kipande cha njia kilikuwa na genge lake na mnyapara wake. Asubuhi mtu mmoja hutembea kipande kizima kwa miguu, ana nyundo na spana, akikaza nati iliyolegea na kutazama kama korongo limeziba. Wenzake hung'oa majani, huongeza kokoto, huzibua makaravati. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna waziri aliyepata kukata utepe kwa sababu karavati limezibuliwa.

Genge likipunguzwa, mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa pili majani huota kati ya mataruma, na mizizi yake hukamata vumbi. Vumbi hugeuka udongo, udongo huzuia maji. Mvua zikinyesha katika milima ya Usambara na Upare, makorongo hushusha mchanga na mawe mpaka tambarare, na karavati lililoziba huligeuza tuta la reli kuwa bwawa. Hapo gari moshi likipita, uzito wake huyakamua matope yapande juu katikati ya kokoto, taruma huelea, kiungo cha reli hushuka. Dereva huamriwa aende polepole mahali hapo. Kisha mahali hapo huwa mahali kumi.

Na mwendo wa polepole si jambo la kuchelewa tu. Ikiwa gari lililokwenda na kurudi kwa siku nne sasa hutumia siku nane, basi mabehewa yale yale hufanya nusu ya kazi. Shirika halijapoteza hata behewa moja, lakini mkulima amepoteza nusu ya mabehewa. Yeye haoni tope wala karavati. Aonalo ni moja: behewa halikuja.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu katika miaka ya 1980, nilipokuwa katibu kijana wa chama cha msingi. Tulikuwa na magunia ya mazao katika ghala ya stesheni moja ndogo ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. Tuliahidiwa behewa siku ya Jumatatu. Tulingoja siku kumi na moja. Katika siku hizo tulimlipa mlinzi, tulinunua maturubai kwa sababu bati lilivuja, panya walikula walichokula, na riba ya mkopo wa msimu iliendelea kuhesabiwa usiku na mchana, maana riba haina stesheni. Siku ya kumi na mbili mwenyekiti wetu, mzee mpole sana, alikwenda barabarani akasimamisha malori mawili na kukubali bei waliyomtajia bila kujadiliana. Msimu uliofuata hatukuomba behewa kabisa. Vyama jirani navyo havikuomba.

Sasa fikirini, ndugu wanachama, karani wa stesheni aliandika nini katika daftari lake msimu ule. Aliandika ukweli: hakuna shehena. Daftari lile lilikwenda juu, likajumlishwa na madaftari mengine, na wakubwa waliolisoma waliona njia isiyo na mzigo. Na njia isiyo na mzigo haipewi fedha za kokoto. Hapakuwa na safu katika daftari ya kuandika shehena iliyongoja siku kumi na moja ikaondoka kwa lori. Nimekwisha kusikia mara nyingi kwamba reli ilikufa kwa sababu wakulima waliihama. Ni kweli tuliihama, lakini haikosi kusemwa nani alihama kwanza.

Wala nisiwadhulumu watu wa reli. Walikuwa na mashaka yao, na mengine hayakutoka kwao. Mkonge, uliokuwa mzigo mkubwa wa njia hii, uliporomoka: katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka mwaka wa 1983, na tawi la Kahe na Voi likakatwa kama kamba. Shirika jipya la Tanzania likarithi njia ndefu na karakana chache. Na barabara ya lami ilikwenda sambamba na reli, kutoka Segera kupitia Mombo na Same mpaka Moshi, kana kwamba imetumwa kushindana nayo. Lori humfuata mkulima mpaka mlangoni. Reli haiwezi.

Na sisi wenyewe tulikuwa hatuna sauti wakati ule. Mwaka wa 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya kuvirudisha ilitungwa mwaka wa 1982. Miaka ile ile ambayo njia ilihitaji mteja mkubwa wa kugonga meza na kudai behewa lake, mteja huyo hakuwako. Mkulima mmoja mwenye magunia sita hawezi kugonga meza ya reli.

Katika miaka ya 1990 magari ya abiria yalikoma. Mizigo iliendelea kwa kusitasita, kisha nayo ikakoma. Mwaka wa 2007 reli za nchi zilikabidhiwa kampuni ya ubia na Wahindi, na mwaka wa 2011 mkataba ukavunjwa. Katika muda huo njia yetu haikupata nafuu. Ndipo ilipoanza sura ya aibu, ambayo nimeombwa na mjumbe mmoja wa Halmashauri niiache, lakini siwezi. Mataruma ya chuma yaling'olewa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watu walijenga vibanda juu ya tuta na kulima mahindi mpaka kwenye kingo zake. Mataruma mengine hayakwenda mbali: yamekuwa nguzo za mazizi, na madaraja ya kuvukia mifereji, na baadhi ya mazizi hayo ni ya wanachama hodari wanaolipa michango yao kwa wakati. Nami nimekwisha kuvuka mfereji juu ya taruma la namna hiyo, nikashukuru.

Kazi ya kuifufua njia ilifanywa na Watanzania wenyewe chini ya Shirika la Reli. Majani yalifyekwa, mataruma yakarudishwa, madaraja yakatengenezwa. Julai 2019 gari la mizigo lilitoka Tanga likafika Moshi. Desemba ya mwaka ule ule gari la abiria kutoka Dar es Salaam lilifika Moshi, na Oktoba 2020 likafika Arusha. Wazee walitoka vijijini kwenda kutazama, na watoto walikimbia, wengine kwa furaha na wengine kwa hofu, maana walikuwa hawajapata kusikia honi ile. Mimi nilitazama chini, penye kokoto. Palikuwa na kokoto mpya mahali pengine, na mahali pengine palikuwa na ile ya zamani iliyochanganyika na udongo.

Hapo ndipo habari hii inapoingia katika shughuli za Chama chetu. Ghala yetu kubwa ilijengwa na wazee wetu kando ya reli, na mlango wake ulielekea reli, kwa kimo cha sakafu ya behewa, ili gunia lisukumwe tu bila kuinuliwa. Malori yaliposhika kazi, ukuta wa upande wa pili ulitobolewa ukawekwa mlango wa barabarani. Ule wa kwanza ulifungwa, kutu ikaukamata, na mbele yake yalipangwa madawati mabovu na mizani zilizoharibika. Mwaka uliopita Halmashauri ilikwenda kuukagua. Fundi alisema bawaba mbili zapaswa kubadilishwa, na kipande cha reli ya pembeni, kinachotoka njia kuu kuingia ghalani, kimefukiwa na mchanga kwa urefu wa hatua sitini hivi.

Mkutano Mkuu ujao utaombwa kuamua mambo mawili. La kwanza ni gharama ya mlango na ya kufukua reli ile ya pembeni. La pili ni zito zaidi: kwamba kwa msimu mmoja vyama vyote vya msingi vipeleke maombi ya mabehewa kwa pamoja, kwa maandishi, na kila ombi liandikwe katika daftari letu wenyewe, pamoja na siku behewa lilipoahidiwa na siku lilipofika. Daftari limekwisha kununuliwa. Lina safu ya siku za kungoja.