Farasi wa Malealea
Mgeni anayepanda farasi kwa siku mbili kutoka Malealea, Lesotho, hadi maporomoko ya Ribaneng anaweza kudhani ameingia katika desturi ya kale mno. Sivyo. Farasi waliwafikia Wabasotho, watu wa Lesotho, katika karne ya 19 tu, wakitokea upande wa Koloni la Rasi (Cape), zama za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza. Lakini nchi ambayo yote iko juu ya mita 1,000, yenye mabonde yasiyopitika kwa gurudumu, ilimfanya mnyama huyo kuwa wa lazima. Kufikia Vita vya Bunduki vya 1880 na 1881, wapanda farasi wa Kibasotho waliweza kulikabili jeshi la Rasi. Kisha Vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, vikawachukua farasi bora kwa maelfu, pigo lililodhoofisha mbegu yao kwa muda mrefu.

Wapo wanaosema utalii umeigeuza desturi hiyo kuwa maonyesho. Hoja hiyo ina uzito pale farasi wanapofugwa kwa ajili ya wageni peke yao. Lakini huko Malealea, wanaokodisha farasi ni wanakijiji wenyewe, na mnyama yuleyule hubeba gunia la mahindi kwenda mashineni. Malipo ya mgeni humpa mfugaji sababu ya kuendelea kumtunza farasi wake hata barabara zinapoongezeka.