Wazimu, Sonona na Kijana wa Mafia: Historia ya Jina Lisilokamilika

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya istilahi moja ya tiba ambayo mpaka sasa haijatulia katika Kiswahili, nayo ni jina la ule ugonjwa wa akili ambao humpandisha mtu katika wepesi na uchangamfu wa kupita kiasi kwa majuma kadha, kisha humshusha katika uzito wa moyo usio na sababu inayolingana nao, na baina ya hali hizo mbili aghalabu humwacha akiwa mzima kama wenzake. Tumechagua kuutazama kutoka kisiwa cha Mafia, tena kwa vijana. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya umri wa balehe na mwanzo wa miaka ya ishirini, kwa hiyo mtu wa kwanza kuuona, baada ya wazazi, huwa ni mwalimu. Na Mafia ni mahali ambapo maneno ya kale ya pwani juu ya akili na roho yangali hai, hivyo kwamba kila istilahi mpya inayofika Kilindoni kwa waraka hukutana na wenyeji wake.

Wakati fulani tulipokea rasimu ya mwongozo wa walimu ambamo mfasiri alikuwa ameandika "ugonjwa wa ncha mbili". Tulimsomea mwalimu mmoja wa Mafia. Akatuuliza kama ni maradhi yatokanayo na kuchomwa na kitu. Tulicheka pamoja naye, lakini kosa halikuwa lake. Katika Kiswahili ncha ni ya mkuki, ya kisu au ya sindano. Mtu hawi na moyo wenye ncha. Mfasiri alikuwa amefasiri neno, na neno hilo, huko lilikotoka, lina historia ambayo haikusafiri pamoja nalo.

Historia hiyo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Matabibu wa Ugiriki ya kale walizijua hali zote mbili, na walisema kwamba ile ya huzuni yatokana na nyongo nyeusi, lakini kwa karne nyingi zilihesabiwa aghalabu kuwa maradhi mawili. Ni mwaka 1854 tu, mjini Paris, ambapo matabibu wawili, Jules Baillarger na Jean-Pierre Falret, walieleza kila mmoja kwa upande wake kwamba ni ugonjwa mmoja. Wa kwanza aliuita wazimu wa sura mbili, wa pili wazimu wa mzunguko, na wakagombana juu ya nani alitangulia. Mwaka 1899 Mjerumani Emil Kraepelin aliuunganisha katika jina moja lenye sehemu mbili, la mpando na la mshuko, akautenga na ule ugonjwa ambao leo twauita skizofrenia. Neno la "ncha mbili" lilikuja baadaye. Karl Leonhard alilitumia mwaka 1957 ili kuwatofautisha wagonjwa wapatwao na hali zote mbili na wale wapatwao na moja tu, nao mwongozo wa Chama cha Matabibu ya Akili cha Marekani ukalikubali mwaka 1980. Ndiyo kusema, huko Ulaya jina halikuwa nembo ya kubandikwa juu ya kitu kinachoonekana. Lilikuwa ndiyo ugunduzi wenyewe: mtu aliyemwona mgonjwa akicheka mwezi Machi, akamwona akilia mwezi Agosti, na akathubutu kusema ni jambo lile lile.

Sasa tutazame kwetu. Lugha yetu haikukosa maneno. "Wazimu" lina undugu na "mzimu", na "mwendawazimu" bado hubeba harufu ya mtu aliyechukuliwa na walio wasioonekana. "Kichaa" hutumika kwa mtu na kwa mbwa pia, jambo ambalo peke yake latosha kutufanya tusite kuliweka katika karatasi ya shule. Maneno haya yote, pamoja na majina ya kejeli ambayo hatuna haja ya kuyataja, hueleza upande mmoja tu wa ugonjwa, ule unaopiga kelele. Tawala zilizofuatana ziliuimarisha upande huo. Wajerumani, walioitawala Mafia tangu 1890 hadi Waingereza walipoiteka Januari 1915, waliwaachia wamisionari kazi ya kuwahifadhi wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, tangu 1904. Waingereza nao walijenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Aliyefikishwa huko, na kwa mtu wa Mafia safari ilikuwa ya chombo na kisha ya reli, kwa kawaida alikuwa amekwisha kuvunja kitu au kumtisha mtu. Aliyejifungia chumbani na kukataa chakula hakuna askari aliyemfuata.

Kutokana na hali hiyo likazuka kosa kubwa la kitaalamu. J. C. Carothers, aliyekuwa tabibu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Waafrika. Alihesabu waliokuwa wodini, akadhani amehesabu waliokuwa nchini. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walichapa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako waliwafuata watu majumbani mwao, wakakuta kwamba ugonjwa huo ulikuwa mwingi kuliko kati ya wanawake wa mtaa mmoja wa London waliopimwa kwa njia ile ile. Nusu ya pili ya maradhi ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika, na twakiri kwamba watunga istilahi nao walichelewa.

Juu ya Mafia tunayo maandishi ya mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza kuishi katika kijiji kimoja cha kaskazini ya kisiwa katikati ya miaka ya 1960 na kurudi mara kadha baadaye. Mwaka 1976 alichapa makala juu ya jando na juu ya mila za wasichana wanaovunja ungo, na katika kazi zake nyingine ameeleza kwa kirefu habari za mashetani wa nchi kavu na majini ya baharini, ngoma zao na waganga wao. Tunayataja kwa sababu yanatukumbusha kwamba umri wa balehe kisiwani humo haukuwa ukurasa mtupu. Ulikuwa na kalenda yake. Mwali aliyewekwa ndani alitarajiwa kunyamaza, kuinamisha macho na kula kidogo mbele za watu. Ni nani angeijua sonona ikiwa imevaa nguo ya haya? Vivyo hivyo kijana anayekesha usiku kucha akisema mfululizo angeweza kuambiwa amepandwa, akachezewa ngoma, na kwa kuwa mpando huo huisha wenyewe baada ya majuma, ngoma ikapata sifa. Hatusemi hivi kumdharau mganga. Yeye angalau aliketi na mgonjwa akamuuliza jina.

Shuleni maneno ni mengine, lakini ufinyu ni ule ule. Tumeona ripoti ambazo kijana huyo huyo ameitwa "mkorofi" katika muhula mmoja na "mzembe" katika muhula uliofuata, na hakuna aliyeziweka karatasi mbili pamoja. Mwalimu hana budi kutazama badiliko, yaani kijana amelinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe, wala si na jirani yake. Katika mpando halali ila saa mbili au tatu na hachoki. Husema haraka hata hakatiki. Ana mipango mikubwa isiyo na kiasi, hutapanya fedha, hujihatarisha baharini au barabarani, na mara nyingi, kwa vijana hasa, badala ya furaha huwa na hasira ya karibu. Hali hiyo ikidumu juma zima au zaidi, si utundu. Katika mshuko, unaopimwa kwa majuma mawili na kuendelea, huacha alivyovipenda, hulala mno au hakosi kuamka alfajiri, masomo humponyoka, hujiona hana thamani, na huenda akasema afadhali kufa. Maneno hayo ya mwisho yasingojewe kurudiwa; mzazi aitwe na kijana apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba moyo wa kila kijana hupanda na kushuka, lakini hupanda na kushuka ndani ya siku, na usingizi wake hurudi.

Jina lina uzito gani katika haya yote? Lina uzito wa dawa. Kwa vijana wengi mshuko hutangulia. Tabibu asiyeambiwa habari za mpando uliopita aweza kutoa dawa za sonona peke yake, nazo zaweza kumtupa mgonjwa katika mpando mwingine. Ilhali lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliijaribu na kuitangaza mwaka 1949, na dawa nyingine za kutuliza mabadiliko hayo, hutolewa kwa anayejulikana kuwa na pande zote mbili. Karatasi inayotoka shuleni hubeba habari hiyo au haiibebi.

Kuhusu nusu ya chini, kazi imekwisha kufanyika. "Sonona", kutokana na kitenzi cha zamani cha kuumia moyoni, limekubalika kwa madaktari na kwa watangazaji, nasi twaliona ni moja ya istilahi zilizofaulu. "Hisia mseto", linalopendekezwa na baadhi kwa ugonjwa mzima, hatulipendi: mseto ni vitu vilivyopikwa chungu kimoja, na hapa hali mbili kwa kawaida hupokezana. Mwenzetu mmoja, mtu wa pwani, alitaka tuchukue bamvua na maji mafu. Picha ni nzuri, na tuliizungumza alasiri nzima, lakini mvuvi wa Jibondo hujua bamvua litakuja siku gani, na ugonjwa huu hauna mwezi wa kuuongoza. "Bipola" litabaki kwa wataalamu. Sisi tumeandika katika rasimu "ugonjwa wa mhemko na sonona", jina refu, lisilo na urembo, lakini linalotaja nusu zote mbili kwa mtu mmoja.

Shaka yetu imebaki katika "mhemko". Wengine hulisikia kama msisimko wa mpirani. Tunawaomba walimu wa Kirongwe, Baleni na Bweni watuandikie: kijana ambaye hajalala siku nne, wala hachoki, na wala hakuna anayesema amepandwa, nyumbani kwao huitwaje?