Diski ya mzee: Tanga enzi za Netscape na RealPlayer

Wadau, leo turudi nyuma kidogo, kabla ya habari za bando. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukitaka intaneti Tanga mjini unakwenda kafe, unalipia saa, na nusu ya saa yenyewe inaishia kusubiri ukurasa ufunguke. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar Julai 2009. Kabla ya hapo ni simu ya waya au dishi la setilaiti.

Kwa hiyo brauza hukuichagua kwa mapenzi. Internet Explorer ilikuja ndani ya Windows, ikatumika hiyo hiyo. Netscape ilibidi uishushe, na kwa modemu ya kilobiti 56, hata laini isipokatika, megabaiti moja ni dakika mbili na nusu. (Laini ilikatika.) Flash ilipendwa kwa sababu ilikuwa nyepesi. Sauti ndiyo ilikuwa kazi ya RealPlayer: teknolojia yake ya RealAudio, ya mwaka 1995, ilikuchezea wimbo huku bado unaingia.

Nakumbuka mzee mmoja, kafe ya Ngamiani. Jamaa zake wa Muscat walimtumia anwani ya ukurasa wenye taarabu ya zamani, na kati ya waitikiaji yumo dada yake marehemu. Ukurasa ukadai RealPlayer, RealPlayer ikadai toleo jipya. Saa mbili zikayeyuka. Mwishowe wimbo ukalia, unakatika, unarudi. Mzee kimya, macho yamemjaa. Akaomba awekewe kwenye diski. Kijana wa kafe akaweka, fasta, tukashangaa ilivyoingia chap chap.

Kumbe faili la .ram halina wimbo! Ni kamstari ka maandishi, anwani tu ya seva ulikokaa wimbo wenyewe. Hakuna aliyejua pale, na mzee akalipa akaondoka na furaha yake.

Flash ilizikwa rasmi 31 Desemba 2020, ila Ruffle inafungua kazi zake nyingi ndani ya brauza za leo. RealAudio nayo, jaribu VLC. Lakini lazima uwe na faili lenyewe, .ra au .rm.

Diski anayo mjukuu wake sasa. Tumeifungua juzi, anwani inasomeka vizuri kabisa, seva haipo. Kama kuna mdau Muscat, London au popote aliyehifadhi taarabu za Tanga za mtandaoni enzi zile, tafadhali sana, azitafute.